UZI: Unaandika kila wiki lakini Google haikuoni? Misingi ya SEO kwa bloga anayeanza

#1 wino_mweusi

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Nimekuwa nikijibu swali lilelile kwenye ujumbe binafsi kwa muda mrefu, nikaona leo nilijibu hapa kwa kirefu ili na atakayeingia baadaye alikute. Swali lenyewe: "Nina blogu, naandika kila wiki, mbona nikitafuta Google siioni? Nakosea wapi?"

Mimi naandika kuhusu utengenezaji wa baiskeli, huu ni mwaka wa sita. Miezi saba ya mwanzo blogu yangu ilisomwa na watu niliowatumia linki mwenyewe, basi. Niliamini tatizo ni uandishi, nikawa nazirudia makala usiku kucha, nabadilisha aya, naongeza picha. Kumbe mtu aliyenisaidia kujenga tovuti aliacha alama kwenye kisanduku kimoja kidogo cha mipangilio, kinachoziambia injini za utafutaji zisiingize kurasa zangu. Miezi saba! Ndiyo maana kila anayeniuliza habari za maneno muhimu (yale ambayo watu huandika wanapotafuta) au linki namrudisha nyuma kwanza. Hakikisha unaonekana. Ukishaonekana, hakikisha kila ukurasa unajibu swali ambalo mtu kweli analiandika anapotafuta. Mengine yote ya SEO, yaani kazi ya kuifanya tovuti ionekane kwenye injini za utafutaji, kwa anayeanza yanafuata nyuma ya hayo mawili.

Tuanze na kuonekana.

Unapobofya "tafuta", injini haianzi kuzunguka intaneti nzima muda huo. Kazi hiyo ilishafanyika. Kuna programu inayotembea kutoka ukurasa hadi ukurasa kwa kufuata linki. Ya Google inaitwa Googlebot. Inachokikuta inakisoma, na kikifaa kinaingizwa kwenye faharasa, yaani ghala la kurasa zilizokwisha kusomwa. Majibu unayoyaona yanatoka humo na kupangwa. Kwa hiyo kuna milango mitatu: kufikiwa, kuingizwa, kupangwa. Bloga wengi wanahangaika na mlango wa tatu wakati wamekwama kwenye wa kwanza.

Jipime sasa hivi. Nenda Google uandike site:mfano.com, ukiweka anwani yako mahali pa hiyo ya mfano, bila kuacha nafasi katikati. Kama hakuna kinachotokea, simamisha uandishi kwa siku moja ushughulikie hili. Wenye WordPress, ingieni kwenye mipangilio ya usomaji. Kile kisanduku cha kuzuia injini za utafutaji kisiwe na alama. Kwenye Blogger kuna swichi ya faragha inayoruhusu au kuzuia jambo hilohilo. Ni sekunde kumi za kazi.

Halafu fungua Google Search Console. Ni ya bure, na kwangu mimi ndicho chombo cha kwanza kabla ya kingine chochote cha kulipia. Utathibitisha kwamba tovuti ni yako, kisha utawasilisha ramani ya tovuti, ambayo ni faili lenye orodha ya kurasa zako. Huna haja ya kuitengeneza kwa mkono. WordPress inaitengeneza yenyewe tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, iko kwenye /wp-sitemap.xml; Blogger iko kwenye /sitemap.xml. Ukishaiwasilisha usiwasilishe tena kila siku, haisaidii. Search Console hiyohiyo itakuonyesha kurasa zilizoingizwa, zilizoachwa na sababu yake, na maneno ambayo watu waliandika hadi wakakuona. Kumbukumbu zake zinafika miezi 16 nyuma, kwa hiyo anayefungua leo atajishukuru mwakani.

Sasa la pili, na hapa nitakaa sana kwa sababu ndipo wengi wetu tunaoandika Kiswahili tunapoteza wasomaji.

Makala yangu ya kwanza ilikuwa na kichwa hiki: "Safari ya gurudumu". Nilikipenda sana. Ndani nilieleza hatua kwa hatua jinsi ya kuziba pancha. Lakini jiulize, mtu aliyekwama na tairi bapa anaandika nini kwenye simu yake? Anaandika "jinsi ya kuziba pancha ya baiskeli". Au "pancha inazibwaje". Hakuna anayeandika "safari ya gurudumu". Nilibadilisha kichwa tu, makala ikabaki vilevile, na hadi leo ndiyo inayoniletea wasomaji wengi kuliko zote.

Hivyo kabla hujaandika, tafuta swali. Mbinu yangu haina gharama. Naanza kuandika maneno mawili matatu kwenye Google na kuacha yanayojitokeza chini yashuke, maana hayo yanatokana na utafutaji halisi wa watu. Naandika "baiskeli in", naona yanayofuata. Naandika "cheni ya baiskeli" nasubiri. Kisha nashuka hadi mwisho wa ukurasa wa majibu kuona utafutaji unaohusiana. Nasoma pia maswali ya watu kwenye maoni ya video na kwenye makundi ya wapenda baiskeli, nanakili jinsi wanavyouliza kwa maneno yao. Google Trends inasaidia kulinganisha maneno mawili, ila kwa maneno yanayotafutwa na wachache haionyeshi kitu, msikate tamaa mkiona mstari mtupu.

Kiswahili kina mambo yake ambayo miongozo ya lugha nyingine haiwezi kukufundisha. Kitenzi chetu kinabadilika mbele na nyuma: kuziba, naziba, nizibe, inazibwa, imezibika. Mtu mmoja anaandika "naziba vipi pancha", mwingine "kuziba pancha", mwingine "tyubu ikitoboka nifanyeje". Kuna tahajia mbilimbili: baiskeli na baisikeli. Kuna neno sanifu na neno la watu: mnyororo na cheni. Huhitaji kutengeneza ukurasa kwa kila namna. Chagua namna inayotumika zaidi uiweke kwenye kichwa, na hizo nyingine ziache zijitokeze zenyewe ndani ya makala kadiri unavyoeleza. Google ilianza kutumia mfumo wake wa kuelewa lugha unaoitwa BERT mwaka 2019, na mwishoni mwa mwaka huohuo ikausambaza kwa zaidi ya lugha 70, Kiswahili kikiwamo. Injini ya leo haihitaji kusomewa neno lilelile mara ishirini ndipo ielewe.

Jambo jingine: angalia aina ya majibu yaliyopo. Ukitafuta "breki za baiskeli hazishiki" ukakuta maelezo ya hatua kwa hatua, ujue mtafutaji anataka kurekebisha. Ukimpelekea historia ya breki atarudi nyuma mara moja, hata kama umeandika vizuri kiasi gani.

Baada ya hapo ukurasa wenyewe. Kichwa kiwe cha swali moja, na maneno ya maana yatangulie, kwa sababu kikiwa kirefu kinakatwa kwenye skrini. Google inaweza kukibadilisha ikiona hakifanani na kilichomo. Anwani ya ukurasa iwe fupi na isomeke: /kuziba-pancha inatosha, usiache msururu wa tarakimu. Aya ya kwanza ijibu. Habari za ulivyoanza kupenda baiskeli zisubiri. Vichwa vidogo vigawe makala kwa hatua. Maelezo mafupi yanayotokea chini ya kichwa kwenye majibu hayakupandishi nafasi, lakini ndiyo yanayomshawishi mtu abofye, kwa hiyo yaandike kwa moyo. Kile kisehemu cha zamani cha kujaza orodha ya maneno muhimu kwenye msimbo wa ukurasa kiacheni. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haikitumii kupanga majibu ya wavuti.

Linki za ndani ndizo zinazosahaulika kuliko vyote. Makala mpya ikichapishwa bila makala nyingine yoyote kuielekezea, ni kama nyumba isiyo na njia. Kila ninapochapisha narudi kwenye makala mbili tatu za zamani zinazohusiana, natafuta sentensi inayofaa, naweka linki hapo. Na maneno ya linki yawe na maana. "Jinsi ya kukaza breki" inamwambia msomaji na Googlebot kinachokuja. "Bofya hapa" haisemi kitu.

Picha: punguza uzito kabla ya kupakia, faili lipe jina linaloeleweka, andika maelezo mbadala ya picha kwa ajili ya msomaji asiyeona na kwa ajili ya injini. Google sasa inasoma tovuti kwa macho ya simu, si ya kompyuta, kwa hiyo ukimaliza kuandika fungua makala kwenye simu yako uisome yote.

Nimeishia hapo kwa leo. Ulizeni.

#2 kinara_mpya

Asante sana mkuu, nimejipima, naonekana kurasa 9 kati ya 31. Swali: makala inatakiwa iwe na maneno mangapi? Nimesoma mahali kwamba chini ya 1,500 haipandi. Na neno muhimu lijirudie asilimia ngapi?

#3 wino_mweusi

Ndugu yangu, hakuna idadi. Google yenyewe imeandika kwenye mwongozo wake wa wanaoanza kwamba hakuna urefu wa kichawi. Makala yangu ya kurudisha cheni iliyotoka kwenye gia ina maneno 400, na ni fupi kwa sababu kazi yenyewe ni fupi. Ya kuchagua saizi ya baiskeli ina zaidi ya 3,000. Andika hadi swali liishe.

Asilimia za neno muhimu ziondoe kichwani kabisa. Soma makala kwa sauti. Ukisikia neno linakera, limezidi.

#4 bi_ratiba

Kaka, shukrani kwa moyo wako. Mimi Search Console ninayo, ramani ya tovuti nimewasilisha, kisanduku hakina alama. Lakini makala 14 zinaandikiwa kwamba zimesomwa ila bado hazijaingizwa kwenye faharasa. Naomba kuingizwa kila siku, hakuna kinachobadilika. Naandika kuhusu kupanga muda na ratiba za masomo.

#5 wino_mweusi

Dada, pole, hilo linavunja moyo kuliko kutoonekana kabisa, maana mlango umefunguliwa kisha ukafungwa.

Tutofautishe hali mbili. Kuna ukurasa unaojulikana upo ila Googlebot bado haijaufikia. Huo mara nyingi unahitaji linki za ndani na muda. Wako umesomwa. Kwa hiyo kuomba tena na tena hakusaidii, imeshauona, na kwa sasa haikuona sababu ya kuuweka. Nakuomba uangalie mambo matatu kwenye hizo 14. Je, zinafanana? Je, kuna kitu ndani yake ambacho kurasa zilizopo tayari hazina? Je, kuna makala yako nyingine inayozielekezea?

Ukiweza, weka hapa vichwa vyake vitano hivi, bila anwani.

#6 bi_ratiba

Hivi hapa:
Jinsi ya kupanga ratiba ya masomo
Ratiba nzuri ya mwanafunzi
Umuhimu wa kuwa na ratiba ya kusoma
Kupanga muda wa kusoma
Faida za ratiba kwa mwanafunzi

#7 wino_mweusi

Dada, umeona mwenyewe. Hizo ni makala moja iliyogawanyika mara tano. Kila moja inamnyima mwenzake. Google ikikuta kurasa tano za tovuti moja zinazojibu jambo moja, inahangaika ichague ipi, na wakati mwingine inaacha zote.

Chukua ile yenye nguvu zaidi, yaani iliyowahi kuonekana mara nyingi kwenye Search Console. Hamishia humo kila kilicho kizuri kwenye zile nne. Halafu zile nne usizifute hivihivi: zielekeze kwa kudumu kwenye hiyo moja, ule uelekezaji unaoitwa 301. Kwenye WordPress kuna programu-jalizi (vijiprogramu vya kuongeza kwenye tovuti) za bure za kufanya hivyo, na Blogger ina sehemu yake kwenye mipangilio. Aliyekuwa na linki ya zamani atafika, na injini itaelewa kwamba ukurasa umehama.

Kisha ongeza kile ambacho wewe tu unacho. Umesema unaandika ratiba. Je, umewahi kuifuata mwenyewe? Weka picha ya ratiba yako halisi ya wiki, sema siku gani ilivunjika na ulibadilisha nini. Mwaka 2022 Google iliongeza uzoefu binafsi wa mwandishi kwenye vigezo ambavyo wakaguzi wake hutumia kupima ubora wa majibu. Makala ya "faida za ratiba" anaweza kuiandika yeyote aliyekaa kwenye kiti. Ratiba iliyovunjika siku ya Jumatano na ikarekebishwa ni yako peke yako.

#8 mlinzi_wa_lugha

Mkuu, nakuheshimu, lakini ushauri wako wa "pancha" na "cheni" haunipendezi. Tunao wajibu kwa Kiswahili. Kila bloga akifuata maneno ya mtaani ili apate wasomaji, maneno sanifu yatafia kwenye kamusi.

#9 wino_mweusi

Ndugu, hoja yako ina uzito na sitaki kuipita juu juu. Hata mimi nalipenda neno "mnyororo". Lakini mtu aliyeandika "cheni" hatakutana na "mnyororo" wangu asiponiona kwanza. Kichwa changu kinasema "Jinsi ya kubadilisha cheni ya baiskeli". Aya ya pili inasema mnyororo, na kuanzia hapo nautumia zaidi. Kuna wasomaji walioniandikia wakitumia neno hilo wakati walifika kwa kuandika jingine.

Na pancha, nadhani tukubaliane, imeshakuwa Kiswahili.

#10 nyota_ya_asubuhi

Naongezea hapo. Mimi naandika kuhusu unajimu wa anga, sayari na nyota. Niliweka "utambuzi wa magimba ya angani" nikakaa bila msomaji. Nilipofungua ripoti ya maneno kwenye Search Console nikakuta watu wachache wanaonifikia wanaandika "ile nyota inayong'aa jioni ni ipi". Nikaandika makala yenye swali hilohilo kwenye kichwa. Jibu lenyewe ni kwamba mara nyingi ni sayari ya Zuhura. Wakishafika ndipo nawafundisha gimba ni nini. Kwa hiyo namwunga mkono mwanzilishi: neno la msomaji ni mlango tu.

Swali langu: kiolezo changu, yaani muundo wa tovuti niliouchagua, kina menyu za Kiingereza na makala za Kiswahili. Inaathiri?

#11 wino_mweusi

Ahsante mkuu, mfano wako umeeleza kuliko mimi.

Google inatambua lugha ya ukurasa kwa kusoma maneno yanayoonekana, haiegemei alama ya lugha iliyofichwa kwenye msimbo. Na inashauri ukurasa mmoja uwe na lugha moja, pamoja na menyu. Makala ndefu ya Kiswahili itaeleweka tu, lakini makala fupi iliyozungukwa na menyu, vitufe na pembeni kote lugha nyingine inaweza kuchanganya. Tafsiri menyu. Ni kazi ya jioni moja, na msomaji naye atajisikia yuko nyumbani.

Kama una makala hiyohiyo kwa lugha mbili, kila lugha iwe na ukurasa na anwani yake. Usiweke aya moja Kiswahili, inayofuata Kiingereza.

#12 jicho_pevu_04

Kuna mtu amenifuata anauza linki 500 kwa mkupuo, anasema nitakuwa ukurasa wa kwanza ndani ya wiki mbili. Wenye uzoefu, nifanyeje? Nimechoka kusubiri.

#13 mtembezi_mkimya

Mdogo wangu, usithubutu. Mimi nilinunua. Linki zilitoka kwenye tovuti zisizo na kichwa wala miguu, kurasa za kamari zikielekeza kwenye blogu yangu ya bustani. Kwa wiki tatu nilipanda, nikafurahi. Kisha nikashuka chini kuliko nilikoanzia, na nilikaa huko zaidi ya mwaka. Yule muuzaji hakupokea ujumbe wangu tena. Hadi sasa nikikumbuka ile hela na ule muda roho inaniuma.

#14 wino_mweusi

Pole sana mkuu, na ahsante kwa kulisema wazi.

Jicho pevu, nikueleze kwa nini linki zinauzwa. Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998, wazo lao lilikuwa kwamba linki kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine ni kama kura, na kura ya ukurasa unaoheshimika ina uzito zaidi. Wazo hilo linaitwa PageRank. Watu wakaanza mara moja kununua kura. Mwaka 2012 Google ikaleta mabadiliko yaliyoitwa Penguin kwa ajili ya kupambana na hilo hasa. Leo kununua linki ili upande ni kinyume na kanuni zake, na yeyote anayekuahidi nafasi ya kwanza kwa tarehe fulani anakuahidi kitu kisichokuwa chake.

Linki za halali kwa anayeanza zinakuja polepole. Tengeneza kitu ambacho mwingine atakihitaji: jedwali, mchoro, orodha ya vipimo. Mimi nilichora jedwali la saizi za tyubu na matairi kwa kulinganisha maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi. Ilinichukua wikendi mbili. Mafundi kadhaa wameliwekea linki bila mimi kuwaomba. Pia waandikie bloga wa fani yako uwaulize kama unaweza kuwaandikia makala moja nzuri. Wachache watajibu, na hao wachache wanatosha.

Ukiweka wewe linki ya tangazo uliyolipwa kwenye blogu yako, iwekee alama ya "sponsored" kwenye msimbo. Linki za kwenye maoni ya wasomaji zina alama yake, "ugc". Zote mbili zilianza mwaka 2019. Kabla yake kulikuwa na "nofollow" tangu 2005, nayo bado inafanya kazi.

#15 kinara_mpya

Mkuu, na makala za akili bandia? Rafiki yangu anachapisha 20 kwa siku.

#16 wino_mweusi

Google haikatazi chombo. Inachokataza, na iliandika upya kanuni hiyo Machi 2024, ni kumwaga kurasa nyingi zisizo na msaada ili kuvuna nafasi, ziwe zimeandikwa na mashine au na binadamu. Kurasa 20 kwa siku za mada moja ni jambo ambalo mimi nisingelifanya na jina langu juu yake. Kwa Kiswahili kuna hatari ya ziada: mashine inakosea majina ya vifaa. Nimesoma makala iliyomwelekeza mtu alegeze kifaa ambacho kwenye breki hakipo. Mtu anaweza kuumia.

Kukusaidia kupanga vichwa vidogo au kukagua tahajia, sawa. Lakini hatua uliyoeleza uwe umeifanya kwa mikono yako.

Tukumbuke pia kwamba tangu 2024 Google imeanza kuweka muhtasari wa akili bandia juu ya majibu, ikianzia Marekani. Swali la jibu la mstari mmoja linaweza kuishia hapo bila mtu kubofya. Ndiyo sababu nyingine ya kuandika yale yanayohitaji picha, vipimo na uzoefu.

#17 nyota_ya_asubuhi

Na kasi ya tovuti? Nimepima, naambiwa nina alama nyekundu, sijui nianzie wapi.

#18 wino_mweusi

Kuna vipimo vitatu vya kuangalia. Kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5. Ukurasa ujibu mguso ndani ya milisekunde 200. Na vitu visirukeruke wakati ukurasa unafunguka, alama isizidi 0.1. PageSpeed Insights, chombo cha Google, inapima vyote bure.

Kwa bloga, mara tisa kati ya kumi nilizowahi kusaidia tatizo lilikuwa picha. Picha ya simu yenye megabaiti 6 inapakiwa ilhali inaonekana ndogo kama kiganja. Ipunguze iwe upana unaohitajika, ihifadhi kama WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, utaona. Baada ya hapo ondoa programu-jalizi usizotumia. Usihangaike kutafuta alama 100. Makala inayojibu swali vizuri ikiwa na kasi ya wastani inaishinda makala isiyo na kitu inayofunguka haraka.

#19 bi_ratiba

Kaka wino_mweusi na wadau wote, narudi baada ya wiki sita kama nilivyojiahidi.

Nimeunganisha zile makala tano kuwa moja, zile nne nimezielekeza 301. Nimeweka picha ya ratiba yangu ya kweli, na ile Jumatano iliyovunjika. Nimefanya vivyo hivyo kwa makundi mengine mawili. Kutoka makala 14 zilizokataliwa zimebaki 5, na hiyo moja kubwa imeingizwa siku ya kumi na moja. Iko nafasi ya 18 kwa "jinsi ya kupanga ratiba ya masomo". Wiki iliyopita watu 23 walibofya. Najua ni wachache, lakini siwajui hata mmoja wao, na hilo limenifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza.

Nifanye nini ili itoke 18?

#20 wino_mweusi

Dada, hongera sana. Watu 23 usiowajua ni kitu kikubwa.

Usiiguse makala kwa wiki mbili tatu, iache itulie. Kisha fungua Search Console, chagua ukurasa huo peke yake, tazama maneno yote uliyoonekana nayo lakini hayakubofywa. Humo utakuta maswali ambayo makala inayagusa bila kuyajibu sawasawa, labda "ratiba ya kusoma usiku" au "ratiba ya wiki ya mtihani". Yale yanayotosha aya moja yaongezee kichwa kidogo humohumo. Linalohitaji maelezo marefu liandikie makala yake, kisha uielekeze kwenye hii na hii kwake.

Ukishayapata maneno hayo yalete hapa, tuyachambue pamoja.